Siku Kumi bila Nyama, bila Samaki, bila Vinkubala

Tangu mwezi uliopita nimepewa majina mengi katika bweni: Danieli, Mbuzi, hata Kapita Majani. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze mambo yenyewe, maana habari zinazotembea jikoni zimetiwa chumvi, na chumvi ilikuwa kati ya vitu vichache nilivyobaki navyo.

Kuna watu ulimwenguni wanaoitwa vegani. Hawali nyama, samaki, mayai, maziwa, wala asali. Neno lenyewe lilizaliwa Uingereza mwaka 1944. Mwalimu mmoja wa useremala, Donald Watson, pamoja na wenzake, walichukua neno la Kiingereza «vegetarian», wakakata katikati kama mbao, wakabakiza kichwa na mkia. Huyo Watson alikufa mwaka 2005 akiwa na miaka 95, kwa hiyo msiseme majani yanaua upesi. Lakini sisi tunajua habari ya zamani kuliko hiyo. Danieli na wenzake watatu walikula mboga na maji siku kumi katika nyumba ya mfalme wa Babeli, na nyuso zao zikawa nzuri kupita wengine. Nikasema: kijana wa Yuda aliweza Babeli, Mlunda atashindwa Musumba?

Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa rahisi sana, na sababu yake inachekesha. Asubuhi chai kavu. Maziwa hatukuwa nayo hata kabla ya nadhiri yangu. Saa sita bukari na maharagi. Jioni bukari na sombe ya mafuta ya mawese. Nikagundua kwamba mimi ni vegani siku nyingi za juma tangu nilipoingia interna, ila hakuna aliyenipa sifa.

Matata yalianza siku ya tatu. Sombe ya siku hiyo ilitiwa kapenta, na kapenta wakipikwa ndani ya sombe hawatoki kwa kubembelezwa. Nilikaa na kijiko nikiwatafuta mmoja mmoja, na rafiki zangu wakashika sahani zao karibu na yangu kuwapokea wakimbizi. Nilipomaliza, bukari ilikuwa imepoa na kengele ya masomo ya usiku ilikuwa imelia.

Siku ya tano ikaletwa swali la vinkubala. Sahani nzima, vimekaangwa na kitunguu! Bweni likagawanyika. Wa sehemu ya biolojia walisema kinkubala ni mtoto wa kipepeo, ni mnyama kamili, na kikikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Wengine wakajibu: anakula majani tu tangu kuzaliwa, basi ni majani yanayotembea, Kapita kula! Nilitamani sana hoja hiyo ishinde. Tukaenda kumwuliza mama mpishi. Hakuacha hata mwiko: «Kitu kinachoweza kukimbia sufuria, ni nyama.» Kesi ikafungwa.

Siku ya saba ilikuwa Yenga. Baada ya ibada nilikwenda kumsalimia mama mdogo, ambaye hakuniona tangu mwanzo wa mwaka. Alikuwa amechinja kuku. Na juu ya sahani yangu aliweka firigisi. Ndugu zangu, firigisi hapewi mtoto. Kwetu ni ya mwanaume wa nyumba, ao mgeni wa heshima. Katika miaka yangu kumi na minane ilikuwa mara ya kwanza. Nikamweleza nadhiri yangu, sauti ikitoka ndogo.

«Baba, uko mugonjwa?» akaniuliza. «Ao kuna mutu alikuambia kuku yangu iko na sumu?»

Nikasema hapana, mama, ni siku kumi tu. Akanyamaza. Watoto wake wote waliitazama ile firigisi. Halafu akaifunika na sahani nyingine. «Kisha siku kumi, ni siku gani?» Siku ya ine, mama. «Muzuri. Nitaikausha juu ya moshi.» Akanipikia lengalenga na kalanga, lakini mazungumzo ya siku ile yalikuwa mafupi.

Jambo lililonisumbua zaidi lilitokea siku ya kumi, siku ya samaki. Mtoto mmoja wa darasa la saba alimpa jirani kipande chake. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, «Kama Kapita.» Mikono yake ni kama vijiti, na kwao wanamletea unga wa muhogo peke yake. Nikarudisha kile kipande, nikakaa karibu yake mpaka akamaliza kichwa na mkia.

Msidhani ni ukali wa bure. Kule Kahemba katika Kwango, ambako Walunda pia wanaishi, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, na kesho miguu imekakamaa, na haiponi. Unatoka katika muhogo mchungu ambao haukuloweshwa siku za kutosha, ukiliwa siku zote bila samaki, nyama wala maharagi, kwa sababu mwili unahitaji vyakula hivyo ili kutoa sumu iliyobaki. Gramu 100 za kalanga zina protini karibu gramu 25. Unga wa muhogo, gramu moja ao mbili. Danieli alikataa meza iliyojaa. Yule mdogo alikuwa anakataa kipande kimoja.

Jioni ile waamuzi watatu walikagua uso wangu kwa taa. Mmoja alisema nimenenepa, wa pili alisema ni uso uleule tuliouzoea, wa tatu alidai samaki niliomgawia vimemfanya yeye ndiye Danieli. Siku ya ine firigisi ikafika, imefungwa katika jani la ndizi, ngumu kama mpira. Niliitafuna tangu kengele ya kwanza mpaka ya pili, na Yenga iliyofuata nikaenda kumshukuru mama mdogo.

Sasa, nyuma ya bweni, kando ya muhogo wa shule, kuna nafasi. Prefe ameturuhusu kupanda kalanga na maharagi. Mbegu ziko, majembe ni sita tu. Mwenye jembe kwao alete siku ya posho, saa moja asubuhi.