MAIKI NI MPOKEZI, IPIME KABLA HUJAIAMINI



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo si la twahara wala la mirathi. Ni la maiki. Usicheke kwanza, nisikilize.

Ramadhani moja nilirekodi darsa la funga kwa simu, chini ya mwembe karibu na ufukwe wetu hapa Ujiji. Nilipaona pazuri: ziwa mbele, mitumbwi imepumzika, upepo unavuma. Nikasema: "Mgonjwa wa sukari aliyekatazwa na daktari, hata akijiona ana nguvu, asifunge." Nikalituma kwenye magrupu, likafika mpaka vijiji vya kusini mwa ziwa.

Siku chache baadaye mama mmoja mtu mzima akaletwa mjini kwa boti, hajiwezi. Sukari ilikuwa imeshuka. Alhamdulillah, alipona. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, tena bila lawama: "Shehe, nilifuata darsa lako. Ulisema nikijiona nina nguvu nifunge."

Nilirudi nyumbani nikalisikiliza. Upepo ulikuwa umemeza ile "hata", ukameza na "asi" ya mwisho. Kilichobaki: "akijiona ana nguvu... funge." Hukumu ilitoka sahihi kinywani mwangu, ikafika kinyume sikioni mwake. Kosa ni langu, maana nilituma bila kusikiliza.

Ndugu zangu, wanazuoni wa hadithi hawakumpokea kila msimulizi. Walipima uadilifu wake, kisha wakapima dhabti yake: je, anafikisha alichokisikia kama alivyokisikia? Mchamungu mwenye hifadhi mbovu, riwaya yake hudhoofika. Basi na maiki ni mpokezi baina yangu na wewe. Mbona sikuipima?

Nikaazima maiki tatu. Zote nikazisomea maneno yale yale, chumba kile kile, shibri moja kutoka kinywani. Niliweka "afunge" na "asifunge". Niliweka "ithmu", yaani dhambi, na "ismu", yaani jina, kwa sababu sauti za s na th ni nyembamba, na chombo hafifu huzikata zikafanana. Niliweka na maneno ya p na b, ambayo pumzi yake huipiga maiki kama kofi. Rekodi nikazipa namba tu. Mke wangu na mzee mmoja wa msikitini wakasikiliza kwa simu ndogo, bila kujua ipi ni ipi, wakaandika walichosikia.

Ya kwanza ni ile ya kubana kwenye kanzu. Ni nyepesi, inafaa kwa anayetembea, lakini ilinasa msuguano wa nguo, na nikigeuza shingo sauti inapungua.

Ya pili ni kondensa, ya kijana mmoja mwenye studio, ghali kuliko zote. Hiyo hutaka umeme wa volti 48 kupitia waya wake. Sauti yake safi ajabu, lakini ilisikia pia feni, jogoo wa jirani, bodaboda, na mwangwi wa kuta za saruji.

Ya tatu ni dainamiki ya kushika mkononi, jamii ya ile SM58 ya Shure ya Marekani iliyotoka mwaka 1966. Haitaki umeme huo. Husikia zaidi kilicho karibu mbele yake, na mgongoni ni kama kiziwi. Kwa hii, wasikilizaji wangu hawakukosa neno.

Nikanunua ya namna hiyo. Kondensa si mbaya, mwenye chumba kimya ataifurahia. Ila chagua maiki kwa mahali unaposemea, usichague kwa bei.

Wewe unayerekodi mawaidha, shika haya:

1. Mgongo wa maiki uelekeze kwenye kelele.
2. Kaa shibri moja, kinywa pembeni kidogo. Ukisogea zaidi, sauti inakuwa nzito.
3. Zima feni. Tandika mikeka, simamisha magodoro ukutani, mwangwi utapungua.
4. Usipayuke mpaka taa nyekundu iwake, maana sauti iliyopasuka haishoneki. Luqman alimwusia mwanawe apunguze sauti.
5. Nje kwenye upepo, vaa maiki sponji, na bora zaidi ingia ndani.
6. Hukumu irudie mara mbili kwa maneno tofauti, na uiandike chini ya rekodi.
7. Sikiliza yote kabla hujatuma.

Na ombi langu: kama bado una lile darsa la mwembeni kwenye simu yako, lifute, umwambie na uliyemtumia. Mgonjwa aliyekatazwa na daktari ASIFUNGE. Ruhusa hiyo imo katika Suratul Baqara. Atalipa akipona, na asiyetarajia kupona atatoa fidia.

Allah atusamehe tulipokosea, na azifikishe kauli zetu kama tulivyozikusudia. Amin.

Wallahu a'lam.