Kutoka Redio za Jeshi hadi Mizani ya Pamba

Nilizaliwa mwaka 1971 katika kijiji cha wakulima wa pamba, upande wa Ngulyati, Bariadi. Siku hizo Simiyu lilikuwa jina la mto, na sisi tulihesabiwa watu wa mkoa wa Shinyanga. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, jembe la kukokotwa na redio moja ya betri. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, wanaume wa kijiji walikuwa wakija kwetu jioni kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu baba mkubwa alikuwa vitani na wengine nao walikuwa na watoto wao huko. Wakubwa walisikiliza habari. Mimi niliitazama redio yenyewe, nikajiuliza kwa nini sauti iliyofifia mchana ilikuja safi giza likiingia. Pale kijijini hapakuwa na mtu wa kunijibu.

Nilisoma sekondari ya ufundi Bwiru, Mwanza, nikajifunza umeme. Baadaye nikapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikaandikishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nilipangwa kwenye karakana ya mawasiliano. Sitataja vikosi nilivyotumikia wala aina za mitambo niliyoitengeneza, maana kiapo hakivuliwi pamoja na sare. Lakini elimu ya mawimbi ni mali ya kila mtu, na huko ndiko nilikopata jibu la swali langu la utotoni. Mawimbi mafupi ya redio hupanda angani, hukutana na tabaka la hewa iliyochajiwa na jua, kisha hurudi ardhini mbali na yalikotoka. Chini ya tabaka hilo kuna jingine ambalo mchana huyanyonya mawimbi, na jua likizama hutoweka. Ndiyo maana opereta wa redio hutumia megahezi za juu mchana na za chini usiku. Urefu wa antena nao huenda na hesabu hiyo: gawa 143 kwa megahezi unazotumia, upate mita. Kwa megahezi 5 unahitaji waya wa mita 28 na nusu hivi. Nilipoifunga antena ya kwanza kwa hesabu hiyo na kumsikia mtu aliye mbali mamia ya kilomita kana kwamba tuko naye chumbani, nilijua kazi hii nitaifanya mpaka nizeeke.

Aliyenifundisha ufundi hasa ni sajenti mmoja mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinikuta siku za mwanzo nimeshafungua mtambo ulioletwa kwa ubovu.

"Kijana, betri umepima?"

"Bado, afande."

"Waya wa antena umeukagua?"

"Bado, afande."

"Basi hiyo bisibisi ya nini?"

Akaniwekea utaratibu ambao sijauacha hadi leo. Kwanza umeme unaoingia. Pili viungo na nyaya. Tatu antena. Sanduku linafunguliwa mwisho, tena baada ya hayo matatu kuandikwa kwenye kadi ya mtambo. Mitambo mingi iliyokuja kwetu ikisemwa imekufa ilikuwa na kutu kwenye kichwa cha betri, waya uliokatika ndani ya mpira wake, au kiungo cha antena kilichoingia maji. Na hapakuwa na mtambo uliotoka karakana bila kujaribiwa mbele ya atakayeutumia, naye akatia sahihi. Sajenti alitueleza sababu bila kupaza sauti: redio ikikataa porini, anayelipa ni askari aliyeibeba. Baadaye nilikwenda Darfur na kikosi cha Tanzania katika ujumbe wa kulinda amani, na vumbi la kule lilinifundisha uzito wa maneno hayo. Julai 13, 2013, nikiwa tayari uraiani, wanajeshi wetu 7 waliuawa kule Darfur kwa kushambuliwa njiani. Kila nikifunga kadi ya kazi nawakumbuka.

Niliacha jeshi mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipokuwa mkoa na Bariadi ikawa makao makuu yake. Mji ulikuwa unapanuka: ofisi za mkoa, nyumba za wageni, minara ya simu. Nilidhani mtu wa ujuzi wangu angegombaniwa. Badala yake, kila nilipopeleka barua niliulizwa swali moja: cheti kiko wapi? Hati yangu ya utumishi ilisema nilikuwa askari mwenye nidhamu. Haikusema mikono yangu inaweza nini, wala mimi sikuweza kueleza mitambo niliyoishika. Ofisi moja ilinipokea kwa heshima zote, kisha ikanipa kazi ya kulinda geti.

Wenzangu wengi waliikubali kazi ya namna hiyo, wakavaa sare nyingine na kukesha langoni, na ndani ya vichwa vyao kulikuwa na elimu ambayo nchi iliilipia kwa miaka mingi. Sikuwalaumu, maana watoto wanataka ada. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA, Mwanza, nikaomba kupimwa kwa ujuzi nilionao. Nilikaa kwenye mtihani pamoja na vijana wa umri wa watoto wangu, nikasoma saketi, nikalehemu, nikatafuta hitilafu, nikapewa cheti. Kisha niliandika upya wasifu wangu. Mahali pa majina ya vikosi na vyeo niliandika vitendo ambavyo raia anavielewa: kupima volti na ukinzani, kusoma michoro ya saketi, kuhudumia betri na jenereta, kufunga antena, kutunza kumbukumbu za matengenezo, kufundisha waendeshaji. Haukupita muda mrefu nikapata kazi ya minara ya simu.

Kwenye mnara nilikutana na mambo ninayoyajua yaliyobadilishwa majina. Mitambo ya simu huendeshwa kwa volti 48, na waya chanya ndio unaounganishwa ardhini ili kupunguza kutu kwenye metali. Betri nne za volti 12 zikifuatana hupata volti hizo. Ikizeeka moja, zote zinaonekana mbovu. Nilizunguka Meatu, Itilima na Maswa, sehemu ambazo umeme wa gridi ulikuwa haujafika na mnara ulitegemea jenereta. Adui mkubwa wa kanda yetu ni radi. Mnara usiounganishwa ardhini vizuri hupoteza kadi za saketi kila masika, na fundi asiyepima ukinzani wa ardhi atabadilisha kadi hizo mpaka achoke. Nilianza na umeme, nikaenda kwenye viungo, nikamalizia na sanduku. Vijana niliofanya nao kazi walikuwa wepesi kuliko mimi kwenye kompyuta, nami nikajifunza kwao. Wao walijifunza kwangu kuandika kadi kabla ya kushuka mlimani.

Baadaye nilirudi mjini Bariadi nikafungua karakana yangu. Nilifunga ving'amuzi wakati televisheni za kidijitali zilipoingia, nikafunga paneli za sola, lakini kazi iliyonishika moyo ni mizani za kielektroniki za pamba. Simiyu ni mkoa wa pamba kuliko kitu kingine chochote, na msimu ukifunguliwa mwezi Mei familia nzima huishi kwa namba inayoonekana kwenye kioo cha mizani. Ndani ya mizani hiyo kuna chuma chenye vipande vinne vya kuhisi. Mzigo ukikipinda chuma kidogo sana, ukinzani wa vipande hubadilika. Kihisi cha kawaida ukikilisha volti 10 hukurudishia milivolti 20 tu kikiwa kimebeba uzito wake wote. Unyevu kidogo kwenye kiungo unatosha kuipotosha namba. Mizani ikila kilo 1 katika kila kilo 50, mkulima aliyeleta kilo 1,000 ameibiwa kilo 20, na huenda hakuna mtu aliyekusudia kumwibia.

Sheria inataka fundi wa mizani awe na leseni, na mizani iliyotengenezwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kurudi kazini. Niliipenda sheria hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo sahihi ya mtumiaji niliyoizoea jeshini. Msimu mmoja mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika alikuja mbio karakanani.

"Afande, mizani imepona?"

"Imepona, mzee wangu. Lakini haipimi pamba mpaka Wakala waje waihakiki na kuipiga lakiri."

"Watu wamejaa ghalani, Afande."

"Najua, mzee. Ndio hao ninaowafikiria."

Aliketi, tukasubiri wote. Pamba ilipoanza kupimwa, wakulima waliiona lakiri mpya, na hakuna aliyebishana na namba.

Kituo kimoja cha afya nacho kiliniita kuangalia mashine ya kuzalisha oksijeni. Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida, huondoa naitrojeni, na ikiwa nzima hutoa oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Ikishuka chini ya asilimia 82 haifai kwa mgonjwa. Walikuwa wameshaiandikia barua ya kuifuta. Nilipima umeme, nikakagua mirija, nikafungua kichujio cha hewa, nikakikuta kimeziba kwa vumbi kama udongo wa kufinyangia. Tulibadilisha vichujio, tukapima oksijeni mbele ya muuguzi wa zamu, akatia sahihi kwenye kadi. Mashine ikarudi wodi ya watoto siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nina neno kwa watu wa aina tatu. Kijana uliye karakana ya jeshi leo, kapimwe VETA ungali na sare, ujifunze kueleza kazi yako kwa lugha ya raia bila kuvunja kiapo, na usiuache utaratibu wa kadi. Wakuu wa vikosi, mruhusuni fundi apate cheti cha kiraia kabla ya siku ya kuagana, kwa kuwa mlango wa kurasimisha ujuzi upo tayari. Nawe mwajiri, kabla hujamuuliza askari mstaafu karatasi, mwekee chombo kibovu mezani, mpe multimeta na saa moja, umtazame anaanzia wapi. Nchi ilishalipa gharama ya kumfundisha mtu huyo. Kumwacha alinde geti wakati mashine za hospitali zinafutwa kwa vumbi la kichujio ni hasara yetu sote, na hatuna sababu ya kuendelea kuibeba.