Kumtafutia mbwa mtundu makao si mchezo

Hebu tangaza leo kwamba una mbwa wa kutoa bure, uone jinsi simu yako itakavyolia. Jiji hili linaogopa wezi, na kila mwenye lango anataka mbwa wa kubwekea wapita njia. Kumpata wa kumchukua si kazi. Kazi ni kumpata yule ambaye baada ya miezi sita bado atakuwa naye, na mbwa mwenyewe bado ana akili timamu.

Mbwa ninayemzungumzia anaitwa Radi. Binti yangu wa miaka tisa na wenzake walimpata Aprili 2024, wakati wa ile mvua iliyofurika Mathare na kuwaacha watu wengi bila nyumba. Alikuwa amejibanza kando ya mtaro nyuma ya ploti tunayoishi mtaani Umoja. Shingoni alikuwa na waya ulioanza kuzama ndani ya nyama. Bila shaka mtu alimfunga akiwa mdogo, akasahau kwamba watoto wa mbwa hukua.

Niliwafukuza watoto wasimguse, nikamwita daktari wa mifugo. Nawe fanya hivyo, hata kama mbwa anakutazama kwa macho ya huruma namna gani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu wote wanaokipata huwa wameng'atwa na mbwa. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikae ukingoja kuona kama mbwa mwenyewe atakufa.

Daktari aliukata waya, akamdunga Radi chanjo, akampa dawa ya minyoo, kisha akamfunua mdomo. Meno ya utotoni yalikuwa yamekwisha kung'oka yote, na yale mapya yalikuwa meupe pe. "Huyu ana miezi minane hivi," akasema. "Ni jike. Mama, jitayarishe. Katika umri huu mbwa ni kama kijana wa kidato cha pili. Nguvu tele, akili iko njiani."

Jeraha lilipopona tukayaona hayo maneno kwa macho. Radi alitafuna viatu viwili vya baba watoto, na ajabu ni kwamba vyote vilikuwa vya mguu wa kulia. Alivuta nguo za watu kwenye kamba. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kumzungusha mtaani kabla ya kwenda kazini, na hata hivyo ilipofika saa nne alikuwa ameanza tena. Jirani yetu wa chini, ambaye ni Mwislamu, aliniomba kwa adabu nimpitishe mbali na mlango wake, nami nikaona ni haki yake. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuwa akimwekea maji kwenye kopo nje ya lango siku za jua. Mwenye nyumba hakuwa na subira kama hiyo. Alitupa hadi mwisho wa Juni: mbwa atoke, au tutoke sote.

Kule Karen kuna kituo cha KSPCA kinachopokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia makao. Ukishindwa kabisa, wapigie simu hao badala ya kumshusha mbwa kando ya barabara usiku, kama wafanyavyo wengine. Mimi nilikuwa na wiki saba mbele yangu, nikaona nijaribu mwenyewe kwanza, nafasi ya kule imngoje mbwa asiye na mtu.

Basi simu zikaanza. Wengi walikuwa na swali moja tu: ni dume ama ni jike? Nikisema jike, laini inakatika. Watu wanaogopa kujaziwa watoto wa mbwa uani, ilhali daktari anaweza kumfunga mbwa jike kizazi kwa upasuaji na jambo hilo likaisha. Radi nilimfungisha mwezi wa Mei. Gharama iliniuma, sifichi.

Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja kutoka Kahawa na kumpenda Radi kwa dhati. Nikamuuliza, muhula ukifungwa, mbwa atapanda naye basi la Kakamega? Alicheka, akajikuna kichwa, tukaagana kwa wema. Mama mwingine alikuwa na kuku 40 wanaotembea ovyo uani. Huyo hatukumaliza hata chai.

Kisha akapiga mfanyabiashara mmoja, na hapa nyumbani kwangu wote wakashangilia. Ua wake ulikuwa mpana kuliko uwanja wa shule ya binti yangu, ukuta mrefu, nyaya za umeme juu. Alitukaribisha vizuri, akatuonyesha kibanda cha mbwa chenye sakafu ya saruji, paa la mabati na kufuli. Mfanyakazi huwafungia mbwa saa kumi na mbili asubuhi, akaeleza, na kuwafungulia saa mbili usiku. "Hatutaki wazoee watu," akasema.

Hebu hesabu nami. Hayo ni masaa 14 kila siku. Humo ndani tayari mlikuwa na mbwa mmoja mkubwa, aliyekuwa akizunguka, akizunguka, akizunguka, bila hata kututazama sisi wageni.

Najua wengi wetu tumelelewa na imani hiyo, kwamba mbwa akifungiwa mchana atakuwa mkali usiku. Mimi nimeishi karibu na mbwa wa namna hiyo. Kwa kuwa hajui chochote cha dunia, hubwekea kila kitu: jani, paka, pikipiki ya mbali. Mwishowe mwenye nyumba huchoka kuamka, hujifunika blanketi, na siku mwizi anapokuja kweli hakuna anayeinua kichwa. Na kwa mbwa kijana kama Radi, aliyeumbwa kukimbia, kibanda kile kingekuwa ule waya wa shingoni kwa sura nyingine.

Nilipokataa, bwana yule alidhani ninataka bei. Akaniwekea shilingi elfu tano mezani. Nilipokataa tena akatikisa kichwa. "Mama, mbwa ni mbwa," akasema.

Baba watoto hakunielewa. Ndani ya matatu hatukusemezana hadi Donholm. Hapo akageuka akaniuliza kama nilikuwa ninamtafutia mbwa makao au bwana harusi. Tulikubaliana, kama huko ni kukubaliana, kwamba Juni 30 ikifika bila mwingine, Radi angekwenda kwa yule mwenye kibanda. Binti yangu aliyasikia hayo. Usiku huo alilala sakafuni na mbwa wake, nami sikumwamsha.

Mwokozi wetu alitoka upande ambao hatukuutazamia. Mwenzangu kazini ana mjomba mstaafu anayefuga mbuzi 11 mbele ya Kiserian. Hakuna lango huko, kuna ua wa kayaba. Nyumba ni ya mabati. Nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi, lakini mzee akanitangulia. Amezoea kula nini? Anaogopa nini? Nani alimchanja, na lini? Amewahi kuona mbuzi?

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Mbwa akishaua mwanambuzi katika sehemu za wafugaji hapewi nafasi ya pili. Jirani humtegea nyama yenye sumu, na huwezi kumlaumu sana. Nikamwambia mzee ukweli wote, kuanzia viatu hadi nguo za kwenye kamba. Akasema tumjaribu wiki mbili, kuanzia Jumamosi ya Juni 15.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikaketi juu ya jiwe kutazama. Radi alikuwa kwenye kamba ndefu iliyofungwa kiunoni mwa mzee, wakitembea nyuma ya mbuzi. Siku ya pili, nikaambiwa, mbwa alichomoka ghafla na kumwangusha mzee chini. Hakumpiga. Mfukoni alikuwa na omena waliokaushwa, na kila Radi alipomtazama mbuzi kisha akageuza macho kumtazama yeye, alipewa omena mmoja. Ni hivyo tu, kutwa nzima. Saa kumi mjukuu wake akatoka shuleni, akavua sare, wakakimbia pamoja hadi mtoni na kurudi. Kisha nikaona jambo ambalo kwetu sikuwahi kuliona: Radi alijitupa chini ya mti, akalala fofofo jua likiwa bado linawaka.

Tulisikizana kuhusu chanjo, ambayo ni ya kila mwaka. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu kadhaa hutoa chanjo ya bure, na mwaka ambao haitafika kwake nitailipa mimi. Binti yangu ameahidi kuchangia kutoka akiba yake ya chupa.

Juni 29, jioni, simu ya mzee ikalia. "Mwanangu," akaanza, kwa ile sauti ya mtu anayetafuta maneno, "huyu mbwa wako ameng'ata."

Moyo ukanidunda. Nikamuuliza ni mbuzi yupi.

"Mbuzi gani? Wote wako salama. Ameng'ata kiatu changu. Cha kulia."

Nikamuuliza kama nije kumchukua.

"Umchukue umpeleke wapi?" akasema mzee. "Niletee viatu."