Saa Saba za Kungojea Eropleni Entebbe

Wako watu wengi ambao, wakiambiwa kwamba eropleni ya pili itaondoka baada ya saa saba, hujiona kama wamefungwa. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Mara ya kwanza nilipopita Entebbe, katika nchi ya Uganda, nikienda Bujumbura kwa kazi ya ofisi, niliketi kitini tangu asubuhi hata jioni, nikinywa chai ya bei kubwa na kuitazama saa ya ukutani. Niliporudi nyumbani Murang'a, baba yangu, ambaye ni mkulima wa kahawa, aliniuliza, "Mwanangu, huko Uganda watu hupanda kahawa ya namna gani?" Sikuwa na jibu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe na sanduku lako mlisafiri namna moja." Maneno hayo yaliniuma kuliko kemeo.

Kwa hiyo nilipotumwa tena safari ile ile, nilijitayarisha. Kwanza, kule Nairobi niliuliza kama sanduku langu litapelekwa moja kwa moja mpaka mwisho wa safari; nikaambiwa ndiyo. Pili, niliuliza saa ya mwisho ya kuwamo ndani ya kiwanja. Ilikuwa saa kumi. Nikatoa saa mbili, nikaandika katika kitabu changu cha mfukoni: "Saa nane, kurudi." Tatu, nilichukua cheti changu cha chanjo ya homa ya manjano. Mkenya hahitaji viza kuingia Uganda, na tangu mwaka 2014 aweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Saa za huko ni zile zile za kwetu.

Entebbe ni mji mdogo uliokaa juu ya rasi iingiayo katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jina lake latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti, na wazee husimulia kwamba hapo zamani palikuwa na viti vya mawe ambapo mashauri yaliamuliwa. Waingereza waliweka makao ya serikali yao hapo, na Entebbe ukawa mji mkuu wa utawala wao mpaka Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962. Wengi wetu twalijua jina hilo kwa sababu ya mateka wa eropleni ya Ufaransa, waliookolewa na askari wa Israel usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, katika jengo la zamani la kiwanja.

Kampala iko umbali wa kilometa 40 hivi, nami sikuthubutu kwenda huko, maana msongamano wa magari hauna huruma kwa msafiri. Nilichagua mahali pamoja tu, palipo karibu: bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Bodaboda alinifikisha upesi.

Bustani hiyo ina ukubwa wa ekari 100 hivi, nayo yateremka polepole mpaka ufuoni mwa ziwa. Zamani ilikuwa shamba la majaribio: mpira, kakao, chai na kahawa vilipandwa hapo ili ijulikane kama vitastawi. Sehemu moja imeachwa iwe msitu wa asili, na humo niliwaona mbega weusi kwa weupe wakiruka juu, na hondohondo wakipiga kelele. Mtunza bustani mmoja, mtu wa makamo, alinisalimu, "Ssebo, karibu." Nilimweleza swali la baba yangu. Alicheka, akaniongoza mpaka kwenye mti wa kahawa.

"Huu ni robusta," alisema. "Ni mwenyeji wa misitu yetu. Babu zetu walizitafuna buni zake kabla Mzungu hajafika. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waligawana buni moja, kila mtu nusu yake."

Alinieleza mengine pia. Mti huo hupenda joto na nchi ya chini, ambapo kahawa yetu ya arabika yapenda baridi ya milimani. Hauzai kwa chavua yake wenyewe, bali huhitaji chavua ya mti mwingine. Tena huvumilia ugonjwa wa kutu ya majani, adui yule yule aliyempa baba yangu hasara nyingi.

Nilikuwa ningali naandika hayo mvua iliponyesha, saa nane kasorobo. Mvua ya Entebbe haibishi hodi. Bodaboda wote walitoweka, nami nikasimama chini ya paa dogo, moyo ukinidunda. Nilikumbuka kwamba mwaka 1952 Elizabeth, aliyekuwa amepata habari za kifo cha baba yake huku Kenya na kuwa Malkia, alicheleweshwa na dhoruba katika kiwanja hiki hiki alipokuwa akirudi Uingereza. Lakini eropleni yake haikuweza kuondoka bila yeye, yangu ingeniacha. Mvua ilikoma saa tisa. Kwa ukaguzi wa langoni na foleni ya ndani, nilifika mahali pangu saa kumi kasorobo, viatu vimejaa maji. Zile saa mbili nilizozitoa ndizo zilizoniokoa.

Niliporudi Murang'a nilimsomea mzee kitabu changu chote. Kisha nikamweleza jambo nililolipata baadaye kwa kusoma: kwamba kahawa yake ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ina damu ya robusta katika ukoo wake, na nguvu yake ya kushindana na kutu ina asili huko. Mzee aliondoka bila neno, akaenda kusimama shambani kati ya miti yake. Aliporudi alisema, "Kumbe nimekuwa nikilima pamoja na Waganda miaka yote hii."

Basi msomaji, ukipewa saa za kungojea ugenini, usizitupe. Chagua mahali pamoja, pawe karibu. Ujiwekee saa ya kurudi, nawe uishike hata kama pananoga. Tena uende na swali la mtu aliyebaki nyumbani.