Sigara Ilizimwa Zamani, Moshi Ungali Garini

Gari lililovutiwa sigara halijifichi kwa muda mrefu. Muuzaji anaweza kulitundikia kile kikaratasi cha marashi chenye umbo la mti, akayaacha madirisha yote manne wazi tangu alfajiri, na mnunuzi akifika saa nne asubuhi akadhani ameingia bustanini. Marashi hayo huisha. Siku ya kwanza ya jua kali utakayoliegesha gari mjini, ukirejea na kufungua mlango utalakiwa na mvutaji usiyemjua, kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka.

Sisi hatukufichwa. Mzee aliyetuuzia gari letu, mstaafu wa mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, alitufungulia mlango na kusema kabla hatujauliza: "Mama, nimevuta sigara humu miaka sita. Daktari alinikataza mwaka jana, lakini gari bado halijapata habari." Akatupunguzia shilingi 40,000. Injini ilikuwa nzima na hati zilikuwa sawa. Baba watoto akanitazama, nami nikamtazama, tukajua tunawaza jambo moja.

Jambo lenyewe ni binti yetu wa miaka minane, ambaye ana pumu. Gari tulilitafuta kwa sababu yake. Mzazi mwenye mtoto wa pumu anazijua saa nane za usiku: kifua kinapiga mluzi, inhela haifui dafu, na dereva wa teksi uliyempigia simu hashiki. Sasa gari la kumkimbizia hospitalini ndilo hili lililojaa kitu kile kile kinachomziba kifua. Tulilinunua kwa masharti tuliyojiwekea wenyewe. Zile shilingi 40,000 zingekuwa fedha za usafi, na mtoto hangekanyaga humo mpaka kitambaa cheupe chenye maji, kikipitishwa popote ndani ya gari, kitoke kikiwa cheupe.

Kwa nini kitambaa, wala si pua? Pua huzoea. Mwenye kuvuta sigara hasikii harufu yake mwenyewe, na mwenye gari naye baada ya wiki mbili hasikii tena. Isitoshe, harufu hii si hewa iliyonaswa ndani kiasi kwamba ukifungua madirisha itatoka. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na nyingi kati yake hutua. Nikotini na lami hushika kioo, dari, plastiki na nyuzi za viti, zikafanya utando wa manjano unaonata kama mafuta ya kukaangia katika ukuta wa jikoni. Jua likipiga, utando huo hutoa mvuke kidogo kidogo. Hiyo ndiyo harufu ya adhuhuri.

Watafiti wa San Diego State University nchini Marekani walichapisha mwaka wa 2008 uchunguzi wao juu ya magari yaliyotumika ambayo wavutaji walikuwa wakiyauza. Walipata nikotini katika vumbi, juu ya dashibodi na katika hewa ya ndani. Kufungua dirisha wakati wa kuvuta hakukuwa kumeyaokoa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2010, wenzao wa maabara ya Berkeley huko California walionyesha jambo la kutisha zaidi. Nikotini iliyoganda ukutani au kitini hukutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, ambayo hutoka, pamoja na penginepo, katika moshi wa injini za magari. Zikikutana huunda naitrosamini, na baadhi ya hizo husababisha saratani. Waliyaona hayo hata ndani ya gari la mvutaji mmoja sugu. Nilipoyasoma haya sikuwa tena mtu wa kuhangaikia harufu peke yake. Mtoto hugusa kila kitu, kisha hutia vidole mdomoni.

Kwa hivyo kazi ni kuosha, wala si kufukiza. Nasema hivi kwa sababu ushauri wa majirani ulikuwa mwingi na karibu wote ulikuwa wa kufukiza au kutegesha. Mmoja alisema tuweke buni za kahawa chini ya viti. Mwingine alisema makaa. Makaa yana faida yake, maana hunasa harufu iliyokwisha kuingia hewani, ingawa yale ya jikoni hayafikii yale yaliyotayarishwa maalumu kwa kazi hiyo. Lakini yamekaa ndani ya bakuli sakafuni. Utando uko darini. Watakutana wapi? Kahawa nayo ilitupa gari linalonuka sigara na kahawa, yaani mkahawa wa zamani wa mjini.

Tulianza na vitu vya kutupa. Kisahani cha majivu kilitolewa na hakikurudi. Mazulia ya juu yalifuata, kisha chujio la hewa ya ndani, ambalo madereva wengi hawajui kwamba wanalo. Katika magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria, na kulitoa ni kazi ya dakika kumi. Letu lilikuwa jeusi kama chini ya sufuria. Jipya lilitugharimu shilingi 1,200 katika barabara ya Kirinyaga, lakini tuliliweka kabatini kwanza. Kulitia kabla ya usafi kwisha ni kulichafua bure.

Vioo ndivyo vilivyonishtua. Kwa macho vilikuwa safi. Nilipitisha kitambaa chenye siki na maji, nusu kwa nusu, kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikakikunja, nikapitisha tena: chai. Mara ya nne ndipo kilipoanza kupauka. Kama vioo, vinavyofutwa kila wiki, vilikuwa hivyo, je, dari ambayo haijawahi kuguswa?

Hapa niseme neno juu ya siki, ile ile inayonyunyiziwa chipsi. Nikotini ina tabia ya magadi, si ya asidi. Ikikutana na asidi hugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka majini, na hapo kitambaa huichukua kwa urahisi. Ikikutana na magadi, kinyume chake, huachiliwa na kupaa. Nyanya zetu walilijua hili bila kwenda maabara: ugoro walitia magadi ili uwe mkali, ukaipiga pua mpaka machozi yakatoka. Ndiyo sababu siki inatangulia. Baada yake ndipo hufuata maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kwa ajili ya lami, ambayo ni mafuta na haisikii siki.

Dari ilihitaji subira. Kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi, na ukikilowesha kitaachia na kukuning'inia kichwani kama chandarua. Hupulizii maji juu yake. Unalowesha kitambaa chako, unakikamua sana, halafu unapangusa bila kusugua, kipande kwa kipande, kutoka mbele kwenda nyuma. Tulitumia Jumamosi nzima. Mwisho wa siku dari, tuliyodhani ilitoka kiwandani ikiwa rangi ya maziwa ya chai, ilikuwa ya kijivu.

Viti vilitolewa na fundi. Nawasihi wasomaji wasivitoe wenyewe, kwani magari mengi ya leo yana nyaya za mifuko ya hewa chini ya viti, na betri ni lazima ichomolewe kwanza. Vikiwa nje tuliona zulia la chini, na vipisi viwili vya sigara ambavyo mzee alivipoteza sijui mwaka gani. Tulivinyunyizia viti bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki, vikalala hivyo usiku kucha, kisha tukaufyonza unga kwa mashine. Bikaboneti husaidia kwa zile harufu zenye uchachu. Usiichanganye na siki kwa wakati mmoja. Zikikutana hutoa povu la kupendeza, watoto hushangilia, na kila moja inaua kazi ya mwenzake. La hatari kabisa ni kuchanganya siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hapo hutoka gesi yenye sumu. Katika gari lililofungwa, hilo si jambo la mzaha.

Baada ya unga vijana wa kuosha magari walipitisha mashine ya maji ya moto inayonyunyiza na kufyonza papo hapo. Maji yaliyorudi tanki yalikuwa ya kahawia. Mara ya tatu yakawa ya kijivu, nikawaambia warudie. "Madamu, hiki kiti kimeoga kuliko mimi," mmoja akasema.

Mikanda ya usalama karibu kila mtu huisahau, ilhali hukaa sambamba na mdomo wa mvutaji. Tuliivuta yote mpaka mwisho, tukaibana kwa vibanio vya nguo isirudi, tukaiosha kwa sabuni na kuiacha juani siku mbili. Kukausha ni nusu ya kazi. Tulifanya haya mwezi wa Januari, jua la Nairobi likiwa halina huruma. Mtu akiosha viti Julai, kwenye baridi na mawingu, atabadilisha harufu ya sigara kwa uvundo wa ukungu, na ukungu nao ni adui wa mwenye pumu.

Pa mwisho palikuwa kiyoyozi. Mvutaji akifunga madirisha na kuzungusha hewa ya ndani, moshi hupita mara nyingi pale hewa inapopoozwa, mahali penye unyevu, ukanasa humo. Fundi alipuliza povu maalumu la kusafishia, likatiririka chini ya gari likiwa limebeba uchafu. Ndipo tukalitia lile chujio jipya.

Katikati ya shughuli hizi baba watoto alikutana na kijana mwenye mashine ya ozoni. Saa moja tu, alisema, na gari litanuka kama limetoka kiwandani. Baba watoto alikuwa amechoka kusugua, simlaumu. Ni kweli kwamba ozoni huvunja harufu. Lakini ni gesi inayochokoza mapafu na inayoweza kuamsha pumu, na ndiyo maana mwendeshaji mwenyewe hukaa nje ya gari. Hudhuru pia mipira. Na utando? Ozoni ikikutana na nikotini iliyoganda huzaa chembe nyingine ndogo mno. Mwenye familia isiyo na mgonjwa, akiwa amekwisha kuosha na akaliacha gari wazi siku nzima baadaye, pengine atafaidika. Kwa kifua cha mwanangu nilikataa, tukanuniana mpaka jioni.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 ilikataza uvutaji katika matatu na mabasi. Gari la mtu binafsi unalonunua mtaani haliji na karatasi ya kusema nani alivuta humo. Anayeagiza kutoka Japani ana nafuu, kwa sababu magari yanayopitia minada ya huko huwa na karatasi ya ukaguzi inayotaja pia hali ya ndani. Mdai wakala wako karatasi hiyo, na umtafute mtu wa kukusomea Kijapani. Asiye nayo na atembee na kitambaa cheupe mfukoni. Apanguse kioo kwa ndani, juu kabisa, mahali ambapo waoshaji hawafiki.

Kwetu kitambaa kilitoka cheupe wiki ya tatu, isipokuwa katika tundu la mkanda wa nyuma upande wa kulia, ambamo tulikuwa tukiingiza kijiti chenye pamba. Fedha zote pamoja zilikuwa shilingi 17,500 na jasho letu. Binti yetu aliingia Jumapili baada ya kanisa, akanusa, akasema kunanuka kachumbari. Siki hiyo iliisha yenyewe baada ya siku chache. Tulikwenda hadi Thika na kurudi, madirisha yakiwa yamefungwa kwa makusudi, nami nikisikiliza kifua chake kuliko redio. Hakukohoa. Chujio la pili tumekwisha kulinunua. Fundi ameshauri tulibadilishe baada ya miezi sita, maana anasema vumbi lililojificha ndani ya dashibodi litaendelea kutoka kidogo kidogo.