Alipanda Kili, akaishia kwenye vichaka

Kuna kijana mmoja wa Kariakoo, muuza mbegu za mboga, ambaye Desemba 2022 alichekwa mtandaoni wiki nzima. Walipanda Kilimanjaro sita, kusherehekea sikukuu ya Uhuru. Watano wakaposti picha wamekumbatia lile bango la kileleni, mita 5,895. Yeye akaposti vichaka. Vichaka tu, vya kufika kiunoni, ukungu nyuma, na kigogo cheusi katikati. "Bro, ulienda Kili au Pugu?" Komenti hiyo ilipata laiki nyingi kuliko picha yenyewe.

Kuchekwa si ishu, mjini hapa watu wanachekwa na maisha yanaendelea. Kilichouma ni hela. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, kizimba chake kiliteketea na mzigo wote: nyanya, vitunguu, kabichi, pilipili hoho. Toka siku hiyo anauzia kwenye meza ya barabarani, mzigo kakopeshwa na mama mmoja mwenye duka, na kila wiki anaweka kidogo pembeni ili siku moja arudishe mtaji wake. Akiba hiyo ndiyo aliyoimega kwenda mlimani. Mama hakuambiwa.

Walipita njia ya Marangu. Siku ya kwanza poa, msitu mzito mpaka Mandara. Siku ya pili wanafika Horombo, mita 3,720, kichwa kinamgonga kama nyundo. Usiku kutapika. Asubuhi mwongozaji mkuu akamwambia wewe hupandi zaidi ya hapa, wenzake wakaendelea na yeye akaachwa na msaidizi, kaka mmoja mtu mzima wa Marangu. Alilia. Alivyosimulia baadaye, hakulilia kilele, alililia ile hela.

Mchana kichwa kilipotulia, yule kaka akamwambia wanyooshe miguu, washuke kidogo njia ya Mandara. Na huko ndiko stori ilikoanzia, maana kijana akatoa simu na kusema, "Kaka, huku pazuri bwana, kama bustani."

"Mdogo wangu, hii siyo bustani. Hapa palikuwa na msitu."

Vile vichaka ni Erica, jamii ya mimea ya milimani yenye vijani vyembamba kama sindano. Ikiachwa bila kuguswa inakuwa miti kabisa, mirefu kuliko nyumba ya kawaida, imening'iniza kuvu za kijivu kama ndevu za babu. Mwaka 1976 misitu ya Erica Kilimanjaro ilikuwa bado inapanda mpaka karibu mita 4,100. Halafu moto ukapita, ukapita tena. Mti ukiungua mara moja unachipua kutoka shinani, lakini ukiungua tena kabla haujakua unabaki pale pale kiunoni, na mgeni anapita anasema pazuri.

Kaka yule alikuwepo Oktoba 2020. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, wanapopumzikia wageni kati ya Mandara na Horombo, na taarifa ya mwanzo ya TANAPA ilisema ulitokana na wapagazi kupasha chakula. Chakula tu! Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengine wana mapanga na matawi mabichi ya kuchapia, upepo unawageuzia moto usoni. Oktoba 2022, miezi miwili kabla ya hawa sita kufika, ukawaka mwingine upande wa Karanga.

Kijana akauliza swali la kifanyabiashara: hivi vichaka vina faida gani?

Maji. Vile vijani vinakamata ukungu, matone yanadondoka chini, udongo unayanyonya na kuyaachia polepole mitoni. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba toka 1976 moto umekula hekta kama 13,000 za msitu wa Kilimanjaro, na maji yaliyopotea yanatosha watu milioni moja kunywa mwaka mzima. Hapo akamkumbuka mteja wake mmoja wa Hai, anayekuja Kariakoo kila msimu kuchukua mbegu za nyanya. Msimu ule alinunua nusu. Alisema mfereji wao umekuwa wa zamu, na zamu zenyewe za ugomvi. Yeye alidhani mteja anataka kupunguziwa bei.

Kabla ya kurudi kambini alichuma kikonyo kimoja kikavu, akakisugua kiganjani kama anavyofanya dukani. Mbegu zikatoka ndogo kama vumbi, hata kuzihesabu huwezi. Zile za nyanya anazozipima kwa gramu ni mawe mbele ya hizi. Akataka kuzifunga kwenye tishu aje nazo Dar. Kaka akatingisha kichwa, hifadhini hutoki na kitu. Akazipuliza pale pale, kwenye jivu la zamani.

Horombo kuna intaneti ya kasi, iliwekwa Agosti mwaka ule ule, kwa hiyo picha ya vichaka aliiposti akiwa bado mlimani. Maelezo marefu hakuandika. Matokeo yake ndiyo yale ya Pugu.

Mama aliiona kwenye simu ya binti yake. Aliporudi hakumgombeza mbele za watu, alimsubiri jioni wanafunika meza.

"Hela ya mzigo ndiyo umeendea kupiga picha majani?"

Akamweleza yote, mpaka zile mbegu za vumbi. Mama akasikiliza, mkono shavuni.

"Na hiyo miti, itarudi?"

"Inarudi, mama. Ila inarudi mifupi, isipounguzwa tena ndiyo inakua."

Mama akaangalia upande wa soko, kule walikozungushia mabati. Kisha akavuta daftari la madeni. "Elfu kumi kila Jumamosi, mwanangu. Kuanzia hii."

Picha ya vichaka bado ipo kwenye ukurasa wake. Kaibandika juu kabisa.