Tharandt, mji unaohesabu pete

Treni ya S3 kutoka kituo kikuu cha Dresden inaambaa na mto Weißeritz, na kabla kahawa yako haijapoa umeshafika Tharandt. Mji wenyewe ni kiduchu: barabara ndefu bondeni, magofu ya ngome na kanisa juu ya jabali, na misitu inayoteremka mpaka uani kwa watu. Aliyewahi kupita Soni akipanda kwenda Lushoto anaijua hali hiyo ya kubanwa na milima huku maji yakinguruma pembeni.

Mpwa wangu alinipokea kituoni, buti zimejaa matope. "Shikamoo mjomba. Ndiyo umekuja na viatu hivyo?" Vilikuwa vya ngozi, nimevipiga rangi asubuhi. Hadi jioni vilikuwa vimekwisha.

Ni mtoto wa Lushoto, shahada ya kwanza kaichukua Sokoine, Morogoro. Hapa anasoma uzamili wa misitu ya nchi za joto, katika tawi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden. Misitu ya joto kwenye theluji! Nyumbani tulicheka. Lakini Heinrich Cotta alihamishia shule yake ya misitu bondeni humu mwaka 1811, na reli hiyohiyo ikiendelea inakufikisha Freiberg, alikofanya kazi Carlowitz, bwana wa migodi ya fedha. Tanuri zilikuwa zinaimaliza miti, na mwaka 1713 akachapisha kitabu kilichotaka watu wasikate kupita kinachoota. Elimu ya namna hiyo ndiyo iliyopanda Usambara pamoja na Wajerumani, waliofungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Ilipanda na mipaka yake pia: aliyezoea kuokota kuni akaamka mwizi. Bibi yake binti huyu hadi leo akisikia "bwana misitu" anautua mzigo na kuangalia pa kupitia. Sasa bwana misitu ni mjukuu wake.

Tulipanda hadi kaburi la Cotta. Alipotimiza miaka 80, mwaka 1843, ilipandwa mialoni 80 kwa heshima yake. Mwaka uliofuata akazikwa katikati yake. Nimeona makaburi ya marumaru ya wafalme, wala sikuwahi kulionea mtu wivu. Hapa niliona.

Msituni zaidi mambo si mazuri hivyo. Misprusi iliyopandwa kwa safu kama mkonge iliishiwa nguvu katika ukame ulioanza 2018, mbawakavu wakaingia chini ya magome, vilima vikabaki na visiki. Binti alichagua mti uliosalimika, akazungusha kifuani pake keekee nyembamba yenye uwazi ndani, chombo kilichobuniwa na Pressler, mwalimu wa hapahapa karne ya 19. Kikatoka kijiti chembamba kuliko penseli, kinanukia utomvu. Akanionyesha pete za miaka ile ya kiu, zimebanana hata kucha haipiti, kisha akakitia kwenye mrija wa soda kisivunjike.

Tukiteremka nikamuuliza la ajira, maana mama yake alinituma. Akimaliza, sheria inampa miezi 18 ya kutafuta kazi Ujerumani. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini waajiri wanataka Kijerumani, hivyo kila jioni anapambana na sarufi. Kuna nafasi za vipimo vya kaboni, kuna za ramani za setilaiti. Alizitaja bila haraka, kama mtu anayechagua vitunguu sokoni.

"Na keekee hiyo utakuja nayo kwetu, ukautoboe mkulo?"

"Haitanifaa sana, mjomba. Pete hizi zinaandikwa na baridi. Miti mingi ya kwetu haina pete za kusomeka mwaka kwa mwaka. Kule unaufunga mti utepe, unaandika unene, unaugongomelea kibati cha namba. Baada ya miaka mitano unaurudia, unaupima tena."

"Nani anaurudia?"

Treni ilikuwa inaingia. Akanipa ule mrija nikamwonyeshe bibi.